Gari Halivuti? Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Vipuri

Mwenye gari dogo anayeishi Voi anaweza kukaa miezi kadhaa bila kujua kwamba injini yake imepoteza nguvu. Mjini anaenda polepole, matuta ni mengi, na hadi Mwatate hakuna mlima wa kutisha. Kasoro hujitokeza baada ya Mwatate, barabara inapoanza kupinda na kupanda milima ya Taita kuelekea Wundanyi. Hapo mguu unakanyaga mafuta hadi mwisho, injini inanguruma kwa sauti kubwa, lakini gari linatambaa huku matatu zikipiga honi nyuma yake.

Kwa wengi, hatua inayofuata ni kufungua mfuko. Jirani anasema ni plagi. Muuza vipuri anasema ni pampu ya mafuta. Fundi wa kwanza anabadilisha sensa, wa pili anashauri inunuliwe injini nyingine ya mtumba. Mwezi ukiisha, pesa zilizotengewa karo zimeishia gereji na gari bado ni zito, kwa sababu kati ya wote waliolishika hakuna aliyepima chochote.

Makala haya yanaeleza jinsi mwenye gari anavyoweza kufuata chanzo cha tatizo hilo hatua kwa hatua, akianza na vitu visivyogharimu hata shilingi moja.

Sekunde 11 au sekunde 22

Gari zito halimalizi pesa tu. Linaweza kumaliza maisha, hasa katika barabara kuu ya Nairobi hadi Mombasa ambayo hupita Voi na Maungu ikiwa imejaa malori ya masafa marefu.

Chukua mfano wa lori lenye trela, urefu wake mita 17, linaloenda kwa kilomita 60 kwa saa. Gari dogo lililo mita 20 nyuma yake linataka kulipita na kurudi katika upande wake mita 20 mbele. Ukijumlisha na urefu wa gari lenyewe, linahitaji kulizidi lori kwa takriban mita 60. Likiweza kwenda kwa kilomita 80 kwa saa, kazi hiyo itachukua sekunde 11 hivi. Katika muda huo gari hilo litakuwa limesafiri takriban mita 240, na gari linalokuja upande wa pili kwa kasi hiyo hiyo litakuwa limesogea mita 240 pia. Dereva anahitaji karibu nusu kilomita ya barabara iliyo wazi.

Sasa chukua gari lile lile likiwa na kasoro, liwe linaweza kufikisha kilomita 70 pekee kwa saa. Muda unakuwa karibu sekunde 22, na barabara inayohitajika ni takriban mita 900. Dereva aliyezoea gari lake likiwa zima bado anakadiria kwa jicho lile la zamani. Anaona nafasi ambayo ilimtosha mwaka jana, anatoka, na katikati ya trela anagundua kwamba haitoshi.

Kwa hivyo, kabla ya ushauri mwingine wowote: mtu ambaye gari lake limeanza kuwa zito asijaribu kulipita lori hadi litengenezwe. Aliyekwisha kutoka na kuona gari halivuti apunguze mwendo na kurudi nyuma ya lori, mradi nafasi hiyo bado ipo. Kukazana kukanyaga mafuta hakutaongeza nguvu ambayo injini haina.

"Haivuti wapi?"

Katika karakana nyingi za jua kali, mazungumzo huanza hivi:

"Fundi, gari haivuti."

"Haivuti wapi, dere?"

"Kila mahali tu, mzee."

"Hapana, hebu fikiria. Asubuhi ikiwa baridi inavuta? Ukiwa peke yako je? Ama ni ukibeba watu, ama ni ukipanda?"

Fundi anayeuliza hivyo anafaa kuthaminiwa kuliko yule anayekimbilia spana. Neno "haivuti" linabeba magonjwa mengi, na kinachoyatenganisha ni wakati na mahali yanapojitokeza. Gari linalosumbua likiwa baridi pekee halina ugonjwa sawa na lile linaloanza vizuri kisha kuchoka baada ya nusu saa. Gari linalotikisika na kukwamakwama likipanda halifanani na lile linalopanda kwa utulivu lakini bila nguvu. Na gari lililodhoofika ghafla siku moja baada ya kujazwa mafuta halifanani na lililodhoofika kidogo kidogo kwa mwaka mzima, hata mwenyewe asitambue.

Mwenye gari aandike mambo hayo katika simu au kipande cha karatasi kabla ya kwenda gereji. Aandike pia ni lini gari lilifanyiwa sevisi mara ya mwisho na ni nini kilibadilishwa. Kasoro nyingi huanza siku chache baada ya kazi nyingine: bomba la hewa ambalo halikukazwa vizuri, au plagi za dukani zilizofanana kwa umbo tu na zile zinazotakiwa.

Inafaa pia kupata kipimo. Kwenye kipande cha barabara kilicho wazi na tambarare, abiria apime kwa simu sekunde ambazo gari linachukua kutoka kilomita 40 hadi 70 kwa saa, likiwa katika gia moja na mzigo unaojulikana. Dereva asishike simu. Nambari hiyo ihifadhiwe. Baada ya matengenezo, jaribio lirudiwe mahali pale pale. Gari lililotengenezwa kweli litaonyesha tofauti kwa sekunde, si kwa maneno ya "sasa iko sawa".

Jambo moja lisihesabiwe kuwa ugonjwa. Hewa ni nyepesi zaidi milimani, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu zake kwa kila mita 100 za mwinuko. Mji wa Wundanyi uko juu ya Voi kwa takriban mita 800, hivyo upungufu wa asilimia 8 hivi ni wa kawaida. Gari linaloshindwa kubadilisha kutoka gia ya kwanza kwenda ya pili kwenye mteremko ule lina tatizo jingine.

Kabla ya kufungua boneti

Vitu vifuatavyo vinaonekana vidogo, na ndiyo maana husahaulika. Breki ya mkono iliyobaki imevutwa nusu huzuia magurudumu safari nzima. Tairi zilizopungua upepo hulifanya gari lionekane limebeba mzigo. Kiyoyozi katika gari lenye injini ndogo hula sehemu ya nguvu inayosikika wazi mlimani. Na buti lililojaa simenti na viazi haliwezi kulaumiwa kwa plagi.

Magari mengi ya otomatiki kutoka Japani yana kitufe cha O/D kwenye mkono wa gia. Kikibonyezwa, taa ya "O/D OFF" huwaka kwenye dashibodi na gari haliingii gia ya juu kabisa. Linanguruma sana katika barabara kuu na kunywa mafuta, na mwenyewe hudhani injini imechoka. Mengine yana kitufe cha kuokoa mafuta, ambacho hupunguza kwa makusudi jinsi injini inavyoitikia mguu. Vitufe hivi hubonyezwa na watoto, na wanaoosha magari pia.

Kisha kuna kanyagio lenyewe. Injini ikiwa imezimwa, mtu mmoja akanyage mafuta hadi mwisho huku mwingine akitazama chini ya boneti kama mlango wa hewa wa injini unafunguka wote. Katika magari ya zamani yanayotumia waya, waya hulegea kwa miaka na mlango ukafunguka nusu tu. Wakati mwingine zulia la sakafuni limejikunja chini ya kanyagio. Waya hukazwa kwa dakika 5, na zulia linahitaji mkono tu.

Injini inakimbia, gari halikimbii

Njia panda ya kwanza katika uchunguzi iko kwenye mshale wa mizunguko ya injini. Dereva akikanyaga mafuta na mshale ukapanda haraka huku kasi ya gari ikibaki pale pale, injini ni nzima. Nguvu inapotea njiani kabla ya kufika kwenye magurudumu. Anayeambiwa abadilishe plagi katika hali hiyo anapotezewa pesa.

Kwa gari la gia za mkono, mtuhumiwa ni klachi. Jaribio lake ni rahisi: gari likiwa mahali tambarare pasipo na mtu mbele, breki ya mkono ivutwe imara na breki ya mguu ikanyagwe, gia ya tatu au ya nne iwekwe, kisha klachi iachiliwe taratibu. Injini inapaswa kuzimika. Ikiendelea kunguruma, klachi inateleza. Harufu ya kitu kilichoungua baada ya kupanda mlima ni ushahidi mwingine. Jaribio hili lisirudiwe rudiwe, kwa sababu lenyewe linakula klachi.

Kwa otomatiki, kazi ya kwanza ni kuangalia mafuta ya giaboksi. Yaliyo mazima huwa mekundu na huonekana ndani yake. Yakiwa ya kahawia iliyokolea na kunuka kuungua, giaboksi limeumia. Na si kila mafuta mekundu yanafaa kila giaboksi. Aina inayotakiwa imeandikwa kwenye kitabu cha gari, na mara nyingine kwenye kijiti cha kupimia. Giaboksi nyingi za kisasa zikigundua hitilafu hujifungia katika gia moja ili zisiharibike zaidi. Gari la namna hiyo huondoka kwa uzito mkubwa stejini lakini huonekana la kawaida likishashika mwendo.

Breki zinazoshika zenyewe hutambulika kwa joto. Baada ya safari ya kilomita kadhaa bila kukanyaga breki sana, mkono usogezwe karibu na kila gurudumu bila kugusa chuma. Gurudumu moja likiwa na joto kali kuliko mengine, breki yake haiachilii.

Hewa

Injini ya petroli huchoma takriban kilo 15 za hewa kwa kila kilo moja ya petroli. Kwa maneno mengine, chakula kikuu cha injini ni hewa. Katika kaunti yenye barabara za vumbi jekundu kama zile zinazopita kando ya mashamba ya mkonge ya Mwatate, hapa ndipo pa kuanzia.

Chujio la hewa hutolewa kwa mkono bila spana katika magari mengi. Liinuliwe juu kuelekea mwanga wa jua. Mwanga ukipita kati ya mikunjo, bado lina uhai. Lisipoupitisha, libadilishwe. Vumbi kidogo linaweza kupunguzwa kwa kulipigapiga taratibu. Kulipuliza kwa upepo mkali wa kompresa kunatoboa karatasi na kuruhusu mchanga mwembamba kuingia kwenye silinda, jambo ambalo ni baya kuliko chujio chafu. Wapo madereva wanaotoa chujio kabisa "ili gari lipumue". Gari hilo litavuta vizuri kwa muda, kisha litaanza kula oili. Muda wa kubadilisha chujio ulioandikwa na kiwanda ni wa barabara za lami. Anayeishi kwenye vumbi aufupishe. Ndani ya sanduku la chujio pia huwa na mambo ya ajabu, kuanzia majani makavu hadi kiota cha panya katika gari lililokaa bila kuendeshwa.

Kati ya chujio na injini kuna bomba la mpira, na katika magari mengi kuna sensa inayopima hewa inayoingia. Kompyuta ya gari hutumia kipimo hicho kuamua kiasi cha petroli. Sensa ikiwa na uchafu, hutoa hesabu pungufu ya hewa na injini hunyimwa mafuta wakati inapoyahitaji zaidi, yaani mlimani. Husafishwa kwa dawa yake maalumu ya kupuliza, si kwa kitambaa. Mpira ukiwa na ufa, hewa huingia bila kuhesabiwa na gari hutetemeka likiwa limesimama. Ufa huo hujificha kwenye mikunjo ya mpira, hivyo bomba likunjuliwe likitazamwa. Kenya inaruhusu kuingiza magari yasiyozidi miaka 8, na mengi hutumika kwa miaka mingi zaidi baada ya hapo. Mpira wa umri huo si wa kuaminiwa kwa kutazamwa kutoka juu.

Mafuta

Upungufu wa petroli una tabia yake. Gari huwa sawa katika mwendo mdogo, huanza kupanda vizuri, kisha linakosa pumzi katikati ya mlima. Likisimamishwa kwa dakika chache hupata nafuu na kuondoka kana kwamba halikuwa na shida. Hiyo ni picha ya chujio la mafuta lililoziba au pampu iliyochoka: mafuta yanafika, lakini si kwa kasi inayotakiwa.

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa maana pampu ni ghali na hubadilishwa kwa kukisia. Ipo geji ya kupima shinikizo la mafuta. Fundi huiunganisha kwenye mkondo wa petroli na kulinganisha kinachosomeka na kiwango cha kiwanda. Mwenye gari ana haki ya kuomba kipimo hicho kabla ya kukubali kununua pampu. Fundi asiye na geji anaweza kuiazima kwa mwenzake.

Tabia ya kuweka mafuta ya shilingi 200 kila asubuhi pia haisaidii. Katika magari mengi pampu imo ndani ya tangi na hupoozwa na petroli inayoizunguka. Tangi likikaa karibu tupu kila siku, pampu hupata joto na kuvuta uchafu ulio chini.

Mafuta yaliyochanganywa ni jambo jingine. Petroli iliyotiwa mafuta taa hulipuka kabla ya wakati ndani ya silinda, na injini hutoa sauti ya kugongagonga inapopanda. Injini za kisasa zina sensa inayosikia mgongo huo. Kompyuta huchelewesha moto wa plagi ili kuiokoa injini, na nguvu hupungua. Kwa dizeli, mafuta taa hupunguza ulainishaji ambao pampu na nozeli hutegemea. EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, huweka alama ya kikemikali kwenye mafuta taa ili mchanganyiko ugunduliwe kwa vipimo. Mwaka 2018 mafuta taa yalianza kutozwa ushuru wa Sh18 kwa lita ili kuondoa faida ya uchanganyaji. Gari likidhoofika ghafla baada ya kujazwa mafuta, stakabadhi ihifadhiwe na kituo kiripotiwe kwa EPRA. Bila stakabadhi malalamiko ni vigumu kuyathibitisha.

Plagi na bomba la moshi

Plagi au koili mbovu hujionyesha kwa kukwamakwama. Gari hurukaruka mguu unapokanyaga mafuta, hasa katika gia kubwa na kwa mzigo. Injini ya silinda 4 iliyopoteza silinda moja hutikisika hata ikiwa imesimama.

Plagi zikitolewa husimulia habari nzima. Ncha yenye rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Nyeusi yenye masizi makavu ina maana petroli ni nyingi au hewa ni chache. Iliyolowa oili inaashiria injini iliyochakaa. Nyeupe iliyounguzwa inaonyesha joto la kupita kiasi au petroli pungufu. Moja ikitofautiana na nyingine tatu, silinda hiyo ndiyo ya kuchunguzwa. Fundi anaweza pia kuhamisha koili kutoka silinda moja hadi nyingine: ugonjwa ukihama nayo, koili ndiyo mbovu, ukibaki, haina hatia. Hakuna kipuri kinachonunuliwa katika jaribio hilo.

Dereva asipuuze gari linalorukaruka kwa matumaini kwamba litajitengeneza. Petroli isiyochomwa huingia kwenye katalitiki konvata, kile chombo kama mtungi kwenye bomba la moshi kinachopunguza sumu, na kuichoma ndani hadi iyeyuke na kuziba. Injini iliyozibwa moshi ni kama mtu anayekimbia akiwa amezibwa mdomo: huondoka vizuri, kisha hufikia mwendo fulani na kukataa kabisa kuongeza. Wapo wanaoshauri chombo hicho kikatwe na kuwekwa bomba tupu. Gari litavuta, lakini kilichoziba konvata, iwe plagi mbovu au injini inayokula oili, bado kipo kinaendelea na kazi yake, na sumu yote inatoka kwa wanaotembea kando ya barabara.

Kwa dizeli zenye turbo, moshi mweusi mwingi pamoja na mluzi mkali wakati wa kukanyaga mafuta mara nyingi ni bomba la turbo lililopasuka au kuchomoka. Litafutwe hilo kabla ya mtu kutamka neno "turbo mpya". Maji kwenye chujio la dizeli hutolewa kwa koki iliyo chini yake.

Hewa, mafuta na plagi zikionekana sawa, hubaki injini yenyewe. Kompresheni ya kila silinda hupimwa kwa geji, na silinda moja ikiwa chini sana kuliko nyingine, vali, pete za pistoni au gasketi ya kichwa cha injini imechoka. Mkanda au cheni ya taimingi iliyoruka jino moja pia huondoa nguvu katika silinda zote kwa pamoja. Kipimo hiki ndicho kinachopaswa kutangulia neno la kununua injini nyingine.

Kompyuta haitaji kipuri

Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, mashine ya kusoma huunganishwa kwenye tundu la pini 16 lililo chini ya usukani na kutoa msimbo. P0300 ina maana silinda zinakosa kuchoma. P0171 ina maana hewa ni nyingi kuliko petroli. Msimbo hautaji kipuri kibovu. P0171 inaweza kutoka kwa mpira uliopasuka wa bei ndogo, sensa chafu au pampu dhaifu, na fundi anayesoma msimbo na papo hapo kutaja sensa ya kununua amefanya nusu ya kazi. Taa inayomweta bila kukoma ni onyo la plagi zinazokosa moto kiasi cha kuharibu konvata. Dereva apunguze mwendo na kutafuta fundi karibu.

Madereva wa matatu hupenda kulaumu kidhibiti mwendo. Kifaa hicho kinapaswa kuzuia gari lisipite kilomita 80 kwa saa. Hakina kazi likitoka stejini. Kikiwa kimeunganishwa vibaya kinaweza kweli kukata nguvu mapema, na hapo dawa ni kulirudisha gari kwa aliyeidhinishwa kukiweka. Kukata waya zake ni kosa la kisheria.

Fundi, makadirio na vipuri vya zamani

Kaida ya kumlipa fundi kwa kipuri alichobadilisha pekee imechangia tatizo hili. Fundi aliyetumia saa nzima kupima na kugundua waya uliolegea huambiwa "si umekaza tu", halafu hupewa shilingi 100. Mwenzake aliyeuza pampu isiyohitajika hulipwa vizuri. Ni busara kukubaliana mapema malipo ya uchunguzi, mbali na malipo ya matengenezo. Kijana aliyesomea ufundi wa magari katika chuo cha ufundi anafundishwa kupima kwa utaratibu, na hastahili kudharauliwa kwa sababu hana mvi.

Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu inayohusu ukarabati wa magari. Inampa mteja haki ya kupata makadirio kabla ya kazi kuanza, na malipo hayapaswi kuzidi makadirio hayo kwa zaidi ya asilimia 10. Kazi isiyoidhinishwa na mteja haitozwi. Vipuri vilivyotolewa vinapaswa kurejeshewa mwenye gari akivihitaji.

Avihitaji. Chujio lililorudishwa likiwa limejaa vumbi jekundu linaonyesha pesa zilikoenda. Plagi nne zilizorudishwa zikiwa na ncha za kahawia hafifu zinaonyesha kwamba hazikuwa na kosa, na uchunguzi urudi palipoachwa.